Kukitumia, kukionyesha au kukihifadhi: ulinganisho wa njia tatu za kuishi na vitu vya urithi na zawadi za mikono

Bibi yangu alishona mablanketi mawili ya viraka katika mwaka mmoja, kwa mabaki ya vitambaa vilevile na kwa sindano ileile. Moja alimpa mama yangu, ambaye aliliona la thamani mno kuguswa, akalikunja mara nne na kulilaza chini kabisa ya kasha la mbao. La pili alimpa mama mdogo, naye akalitandika kitandani usiku uleule, na halikuondoka pale isipokuwa siku za kufuliwa. Baada ya zaidi ya miaka 30 tuliyatandaza yote mawili sakafuni, ubavu kwa ubavu. La kashani lilikuwa na wekundu na ubuluu ambao sikuwahi kujua kwamba lile jingine nalo liliwahi kuwa nao. Lakini kila mahali lilipokunjwa palikuwa na ufa, nyuzi zimekatika zenyewe katika mstari ulionyooka kana kwamba mtu amepitisha wembe, na upande uliogusa ubao ulikuwa na madoa ya kahawia ambayo hayakutoka kwa maji wala kwa sabuni. La kitandani lilikuwa limepauka, pindo zake zimelika na kubadilishwa mara mbili, na katikati palikuwa na viraka juu ya viraka. Hata hivyo lilikuwa laini na zima, na kila kiraka kipya kilikuwa na habari yake, kwa kuwa mama mdogo alikumbuka ni nani aliyelichana na siku gani.

Sisemi hayo ili kudai kwamba la kitandani lilishinda. Kila moja lilikuwa limepoteza kitu ambacho mwenzake alikuwa nacho, na hasara zote mbili zingeweza kupunguzwa laiti mtu angejua mapema ni adui yupi anayekiandama kitu cha namna ile. Aliyeachiwa kitu cha urithi, au aliyepewa zawadi iliyotengenezwa kwa mkono, ana njia tatu za msingi: kukitumia, kukiweka mahali kinapoonekana, au kukihifadhi mbali na mwanga na mikono. Njia iliyo salama kwa saa ya mfukoni inaweza kuwa kifo kwa gauni la hariri, na ndiyo maana nazilinganisha hapa njia hizo kwa kuangalia kitu chenyewe kimetengenezwa kwa nini, kinaharibiwa na nini, na nani bado yupo wa kukirekebisha.

Mtengenezaji yupo au hayupo

Swali la kwanza ninalojiuliza halihusu kitu, bali linamhusu aliyekitengeneza. Ikiwa yu hai na mikono yake bado inafanya kazi, basi hasara yoyote itakayotokea ina dawa: sweta iliyofumuka kiwikoni inarudishwa kwa yule aliyeifuma, naye anajua ni uzi gani alioutumia na alianzia wapi, kigoda kilicholegea mguu kinarudi kwa fundi aliyekikata, naye anakumbuka kama aliunga kwa gundi au kwa misumari ya mbao. Kitu kikiharibika kabisa, anaweza hata kutengeneza kingine. Zaidi ya hayo, mtengenezaji hupata malipo yake pale anapoingia nyumbani mwako na kukiona kitu chake kikifanya kazi. Nimewahi kumwona mtu akifungua kabati la mwanawe na kuikuta shali aliyoifuma kwa miezi mitano ikiwa bado ndani ya karatasi ileile ya zawadi, na uso wake sijausahau.

Kitu cha urithi ambacho mwenyewe ameshafariki kina hesabu tofauti. Kila uzi unaokatika umekatika moja kwa moja, na hakuna wa kumuuliza jinsi mshono ulivyopitishwa. Kitu hicho pia mara nyingi si cha mtu mmoja, hata kama kimekaa nyumbani kwa mtu mmoja, maana ndugu na binamu wana haki ya kukiona na pengine ya kukipokea baadaye. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba zawadi ya mkono ya mtu aliye hai itumike, na itumike sasa, ilhali kitu cha urithi kichunguzwe kwanza kabla ya kuamuliwa kitakaa wapi.

Kuna zawadi za mikono ambazo zinavunja kanuni hiyo, nazo ni kazi za watoto. Mtoto aliyekuchorea picha akiwa na miaka mitano hataweza kuichora tena akiwa na miaka sita. Mkono ule umeshaondoka ingawa mtoto yupo. Tena vifaa vyake huwa dhaifu kuliko vyote: kalamu za rangi za wino hufifia haraka kwenye mwanga, karatasi ya bei ya chini hugeuka manjano, gundi ya vijiti huachia, na udongo wa kufinyanga ambao haukuchomwa huyeyuka ukipata maji. Picha kama hiyo inakiliwe kwa skana au ipigwe picha vizuri, nakala ndiyo ibandikwe ukutani, na ya asili ilazwe gizani ikiwa bapa, na jina la mtoto na tarehe viandikwe nyuma kwa penseli laini.

Kukitumia kila siku

Watu wengi hudhani kwamba kukitumia kitu ni kukichakaza, na kwa vitambaa ni kweli kwa kiasi kikubwa. Lakini vipo vitu ambavyo hudhurika zaidi kwa kukaa bure. Vijiko na masinia ya fedha ni mfano ulio wazi. Weusi unaoifunika fedha hutokana na gesi zenye salfa zilizomo hewani, na huongezeka kila siku ambayo kitu hakikuguswa. Vijiko vinavyotumika na kuoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, kisha vikakaushwa mara moja, hukaa viking'aa kwa muda mrefu bila kusuguliwa. Hilo lina uzito kuliko linavyosikika, kwa sababu kila mara unaposugua kwa dawa ya kung'arishia unaondoa tabaka jembamba la fedha yenyewe. Kwa kitu cha fedha tupu hasara ni ndogo. Kwa kitu kilichopakwa fedha juu ya madini mengine, misuguo mingi huishia kuufunua mwili wa chini, na hapo hakuna kitambaa kitakachourudisha mng'aro.

Fanicha za mbao ngumu nazo huvumilia matumizi vizuri. Meza iliyoliwa na viwiko vya vizazi vitatu haijaharibika. Imepata sura ambayo mafundi huihesabu kuwa sehemu ya thamani yake. Kinachoiua meza ni kukaushwa na jua la dirishani, kuwekwa karibu na chanzo cha joto, na kupuliziwa dawa zenye silikoni, ambazo huacha utando unaomsumbua fundi siku atakapotaka kuipaka vanishi upya. Kitambaa kikavu kwa vumbi, na nta nzuri ya fanicha mara moja au mbili kwa mwaka, vinatosha.

Saa za kujazwa ufunguo, cherehani za mkono na vyombo vingine vyenye mitambo viko katikati. Mafuta yaliyomo ndani hukauka na kuganda, saa iwe inatembea au imesimama. Saa iliyosimama kwa miaka haipaswi kujazwa ufunguo na kuachwa itembee kwa furaha ya kusikia mlio wake, kwa kuwa vyuma vitasagana bila ulaini. Ipelekwe kwanza kwa fundi aifungue, aisafishe na kuitia mafuta mapya, kisha itumike na irudi kwake kila baada ya miaka michache. Ikishahudumiwa hivyo, nafuu itumike kuliko ilale. Saa inayotembea hujieleza inapoanza kuumwa, kwa kuchelewa au kusimama, ilhali saa iliyo kimya ndani ya droo huoza bila kumwambia mtu.

Lulu nazo zifuate njia ya matumizi, kwa masharti mawili: zivaliwe mwisho baada ya manukato na mafuta kukauka mwilini, na zifutwe kwa kitambaa laini kabla ya kurudishwa. Uzi wake ubadilishwe unapoanza kulegea kati ya fundo na fundo.

Hata hivyo kuna vitu vya urithi ambavyo ningemzuia mtu asivitumie hata kama vinaonekana vizima, na hapa sitapunguza maneno. Vyombo vya kauri vya zamani vyenye mng'aro wa rangi vinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, ndani ya mng'aro huo, na vitu vichachu huyatoa na kuyaingiza katika chakula. Kama hujui asili ya chombo, kiwe cha kutazamwa. Chupa za kioo kizito chenye risasi zinaweza kumimina kinywaji mezani, lakini zisitumike kukihifadhi kwa siku na wiki. Saa za nusu ya kwanza ya karne ya 20 ambazo tarakimu zake zilipakwa rangi ya kung'aa gizani mara nyingi zilitumia radiamu, madini yenye mionzi ya hatari. Rangi hiyo huweza kuwa imeacha kung'aa kitambo, lakini radiamu huchukua takriban miaka 1,600 kupungua kwa nusu tu, kwa hiyo saa hiyo isifunguliwe nyumbani wala isipewe mtoto kuchezea. Taa za umeme za zamani zibadilishwe nyaya kwanza.

Kitanda cha mtoto ndicho kinachonitia wasiwasi kuliko vyote, kwa sababu ndicho kitu ambacho familia hutamani mno kukitumia tena. Kitanda alicholala babu kinaweza kuwa na nafasi pana kati ya fito, ambapo mwili wa mtoto hupita na kichwa hukwama. Viwango vya Marekani vinataka nafasi hiyo isizidi takriban sentimita 6. Rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi, na mtoto anayeota meno huuma kingo. Marekani iliondoa rangi zenye risasi katika matumizi ya nyumbani mwaka 1978, na mwaka 2011 ikapiga marufuku vitanda vyenye upande unaoteremshwa kwa sababu ya vifo vya watoto. Mtoto alale katika kitanda kipya kilicho salama. Kile cha babu kiwekwe pembeni kikiwa kimebeba blanketi zilizokunjwa au wanasesere, na hakuna heshima yoyote itakayokuwa imepungua.

Kukiweka mbele ya macho

Njia hii hupendwa na wengi kwa kuwa inaonekana kama suluhisho la katikati: kitu hakiguswi, lakini hakijasahauliwa. Ubaya wake ni kwamba adui wake haonekani kuwa adui. Mwanga huharibu polepole, na uharibifu wake hujumlishwa. Kitu hakipumziki kikapona usiku. Makumbusho huweka vitambaa, karatasi na picha za rangi ya maji katika mwanga wa laksi 50 hivi (laksi ni kipimo cha mwangaza), ambao ni hafifu kiasi kwamba mgeni huhitaji muda macho yake yazoee. Mwanga wa dirisha lenye jua unaweza kufika laksi 10,000 na zaidi, na jua la moja kwa moja hukaribia 100,000. Ukizidisha na kugawanya utaona kwamba saa moja dirishani kwa laksi 10,000 ni sawa na saa 200 katika chumba cha makumbusho. Vioo vinavyochuja miali ya urujuanimno hupunguza kasi, lakini mwanga unaoonekana kwa macho nao hufifisha rangi, kwa hiyo kioo hicho si ruhusa ya kutundika kitu mkabala na dirisha.

Nyumbani kwetu kulikuwa na picha ya arusi ya rangi iliyotundikwa sebuleni kwa miaka mingi. Siku tulipoitoa kwenye fremu tulikuta ukanda mwembamba kuizunguka, wa upana wa kucha, uliokuwa umefunikwa na ukingo wa mbao. Ndani ya ukanda ule majani yalikuwa ya kijani. Nje yake, sehemu yote iliyobaki, majani, nguo na nyuso vilikuwa vimegeuka wekundu wa matofali. Sisi tulioishi nayo kila siku hatukuona ikibadilika. Picha za rangi hufifia kwa kuwa rangi zake ni za kikemikali zisizo imara. Picha za zamani za nyeusi na nyeupe, ambazo sura yake imeundwa na chembe za fedha, kwa kawaida hudumu zaidi, ingawa nazo zina magonjwa yake. Kwa picha zote neno ni lile nililolisema juu ya michoro ya watoto: nakala iwe ukutani, ya asili iwe gizani. Hakuna anayeangalia picha ya arusi kwa ajili ya karatasi, na nakala nzuri haipunguzi chochote katika kile ambacho jicho linakitafuta.

Kwa kitambaa hakuna nakala, na hapo zamu ndiyo jibu. Kitambaa kilichotariziwa kinaweza kukaa ukutani kwa miezi mitatu, kisha kikalala miezi tisa. Ni robo tu ya mwanga ambao kingeupata kwa mwaka, na zaidi ya hayo wanafamilia hukitazama upya kila kinaporudi, jambo ambalo halitokei kwa kitu kisichoondoka. Blanketi lisitundikwe kwa misumari wala vibanio pembeni, kwa sababu uzito wote huning'inia kwenye nukta chache. Lishonewe mkanda wa kitambaa mgongoni, kwa upana wake wote, ambamo fimbo itapitishwa. Nguo iliyofumwa kwa uzi wa sufu isitundikwe kabisa. Itavutika kwa uzito wake yenyewe, na mabega hayatarudi yalivyokuwa.

Kwa kauri, kioo, shaba, fedha na mawe, kuonyesha ni njia njema, na kabati lenye vioo huzuia vumbi na viwiko. Tahadhari yake ni ndogo: rafu iwe imara, na kitu kisining'inizwe kwa mpini wake, maana mpini ndipo mahali pa kwanza pa kuvunjika. Kwa sababu hiyohiyo birika la zamani huinuliwa kwa mikono miwili kutoka chini.

Kukihifadhi gizani

Kuhifadhi hukosewa kuliko njia zote mbili zilizotangulia, kwa kuwa mtu akishafunga kifuniko hudhani kazi imekwisha. Kasha la mama yangu lilikuwa zuri, la mbao yenye harufu nzuri, na ndilo lililoliharibu blanketi. Mbao hutoa asidi polepole, na kitambaa kinachoigusa kwa miaka hugeuka kahawia na kuwa kikavu. Karatasi za magazeti hufanya vivyo hivyo; ule ugeukaji wake wa manjano ni dalili ya asidi ileile. Kwa hiyo ndani ya kasha au droo ya mbao kitandikwe kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa na kusuuzwa vizuri, au karatasi isiyo na asidi, na kitu kifungwe humo. Wanaonunua karatasi hizo wafahamu kwamba ziko za aina mbili: zilizotiwa alkali kidogo, ambazo hufaa pamba na kitani, na zisizotiwa, ambazo ndizo zifaazo hariri na sufu.

Mikunjo ndiyo iliyolikata blanketi letu. Nyuzi zilizopindwa mahali pamoja kwa miaka hukatika, kwa hiyo kitambaa kikubwa hufaa kuviringishwa kwenye bomba pana lililofunikwa pamba, upande wenye kazi ukiwa nje. Pasipo nafasi ya kuviringisha, kila mkunjo uwekewe mto mwembamba wa karatasi au pamba ndani yake, na angalau mara moja kwa mwaka kitambaa kitolewe, kikaguliwe na kukunjwa upya mahali pengine. Kabla ya kuhifadhiwa kiwe safi. Jasho na vinywaji vyenye sukari huacha alama zisizoonekana siku ile, ambazo hujitokeza kuwa madoa ya kahawia baada ya miaka kadhaa, na wanga wa kupigia pasi huwavutia wadudu. Kabla ya kufua kitambaa chenye rangi, chovya pamba nyeupe katika maji, ibane juu ya kila rangi kwa dakika chache, na rangi yoyote ikihamia kwenye pamba, kitambaa hicho kisiguswe na maji nyumbani.

Nondo wanaokula nguo si wale wanaozunguka taa. Ni wadogo, huukimbia mwanga, na si wao wanaokula bali ni mabuu wao, ambao hupenda sufu, hariri, manyoya na nywele, hasa palipo na jasho. Dawa ya zamani ni vidonge vya nafthalini, na mimi sivipendekezi: mvuke wake una madhara, na kwa mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD unaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Njia salama ni baridi. Kitu kifungwe ndani ya mfuko wa plastiki, hewa itolewe, kikae kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha kiachwe siku nzima ndani ya mfuko uleule kirudi katika joto la chumba kabla ya kufunguliwa, ili unyevu ugande nje ya mfuko badala ya kukilowesha. Njia hiyo ni ya vitambaa. Vitu vilivyounganishwa kwa mbao, pembe, shanga au rangi visipelekwe huko.

Unyevu hufaa uwe karibu nusu, yaani asilimia 50, na usiruke huku na huko. Ukipita asilimia 65 au 70 kwa muda, ukungu huota. Kwa hiyo chumba cha chini, dari na ukuta wa bafu haviwezi kuwa makao ya kitu unachokipenda, na sanduku lisikae sakafuni. Mfuko wa plastiki ulioshonwa mdomo kwa miaka hunasa unyevu, na plastiki za PVC hutoa mvuke unaoharibu. Ndiyo sababu albamu za kurasa zenye gundi na plastiki ya kunata zimeua picha nyingi. Chagua kurasa za poliesta au polipropilini. Ondoa mipira ya kufungia, vibanio vya chuma na selotepu. Mpira una salfa, na fedha iliyofungwa kwa mpira hupata mstari mweusi ambao wakati mwingine hauondoki.

Kuna kitu kimoja ambacho hata hifadhi bora haitakiponya, nacho ni baadhi ya hariri za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Watengenezaji walizitia chumvi za bati na chuma ili ziwe nzito na zining'inie vizuri, na chumvi hizo huikata hariri kutoka ndani. Gauni la namna hiyo huanza kupasuka katika mistari myembamba hata likiwa limelala bila kuguswa. Lilazwe bapa, lipigwe picha vizuri, na asijaribu mtu kulivaa.

Kinapovunjika

Hapa tofauti kati ya zawadi na urithi hurudi kwa nguvu. Kwa zawadi inayotumika, kiraka kinachoonekana ni sehemu ya maisha yake, na sioni sababu ya kukificha. Wajapani wana ufundi uitwao kintsugi, wa kuunga kauri kwa utomvu wa mti na kupitisha dhahabu kwenye nyufa, na chombo hurudi mezani na nyufa zake zikiwa wazi. Kwa kitu cha urithi kilicho adimu, ukarabati uwe ule unaoweza kutenguliwa. Gundi za kukauka haraka hufanya kinyume: hushika vibaya, hugeuka manjano, na huacha ukoko ambao fundi wa baadaye atalazimika kuukwangua. Chombo kikivunjika, kusanya hata chembe ndogo, funga kila kipande peke yake, na usivijaribishe kila mara kama vinaingiana, kwa sababu kila mgusano humega kingo na muungano wa mwisho hautakaa sawa. Vanishi ya zamani isibanduliwe kwa kutaka upya. Ikishaondoka, historia ya uso ule imeondoka nayo.

Kukigawa

Swali la mwisho huja pale ambapo kitu ni kimoja na wapendwa ni wengi. Seti ya sahani 12 naona igawanywe, kwa kuwa sahani tatu mezani mwa kila mtoto zitatumika, ilhali 12 kwa mtoto mmoja zitabaki kabatini na kuwa chanzo cha manung'uniko. Kitu kimoja kisichogawanyika kizunguke kwa zamu, au kikae na yule mwenye nafasi na moyo wa kukitunza, naye awe na wajibu wa kukitoa kionekane. Wapo wanaokata blanketi la viraka na kushona mito midogo ili kila mtu apate kipande. Mimi ningekubali hilo kwa blanketi ambalo limeshaharibika pasipo tiba, na kwa hilo peke yake.

Kila kigawiwacho kiambatane na karatasi: nani alikitengeneza, kwa vifaa gani, mwaka gani, kilitoka kwa nani kikaenda kwa nani, na kimerekebishwa wapi. Kwa kitambaa, jina lishonwe kwenye utepe wa pamba upande wa ndani. Ikiwa mtengenezaji yupo, arekodiwe kwa sauti yake akieleza. Nimeona masinia mazuri yakiuzwa na wajukuu wasio na ubaya wowote moyoni, kwa sababu tu hakuna aliyewaambia yalikuwa ya nani.

Mablanketi yetu mawili hatukuyaweka pamoja. La kashani limeviringishwa kwenye bomba lililofunikwa pamba, juu ya rafu, na mwezi mmoja kila mwaka hutandazwa juu ya meza, mbali na dirisha, ili watoto waone rangi ambazo bibi alizichagua. La kitandani yuko nalo binti wa mama mdogo, na bado linalaliwa. Alipokuja mara ya mwisho alikuwa nalo begani, limechanika tena karibu na pindo, akaniomba kitambaa. Nikampa mkono wa shati langu la zamani, tukakaa tukalishona.